Kupanda meli ya starehe ni raha, kushuka ndiyo kasheshe!

Begi moja, blanketi moja, ndege ya saa 6 na nusu mchana, na ukungu mzito mbele ya bandari. Mwenzenu nilitoka jasho Februari ile!

KUPANDA meli ya starehe, mpenzi msomaji, hakuna ufundi wowote. Unafika bandarini umependeza, unapigwa picha, unapewa kadi yako, unaambiwa karibu sana mama, chakula kipo juu. Hata mtoto mdogo anaweza.

Kushuka sasa! Hapo ndipo utakapojua kuwa watu 3,000 wenye masanduku, wote wakitaka kupita kwenye mlango mmoja asubuhi moja, si mchezo. Mimi nimeyaona kwa macho yangu. Na siku niliyoyaona sikuwa na nafasi ya kukosea hata dakika kumi.

Ilikuwa Februari 2024. Nilikuwa Houston, Marekani, kumtembelea binti yangu ambaye ni muuguzi huko. Siku moja akaniambia, "Mama, umekaa ndani wiki tatu unapika ndizi tu. Nimekukatia tiketi ya meli." Nikacheka, nikidhani utani. Kumbe mwenzangu ameshalipa zamani.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku tano kutoka Galveston, mji wa bandari ulio kisiwani, kusini mwa Houston. Ndiko tarehe 19 Juni 1865 Jenerali Gordon Granger alikotangaza kwamba watumwa wa Texas wako huru, siku ambayo Wamarekani huiita Juneteenth na kuisherehekea hadi leo. Kutoka hapo meli inakata Ghuba ya Mexico hadi kisiwa cha Cozumel, kisha Progreso, halafu inarudi. Tulikuwa watatu: mimi, binti yangu, na mjukuu wangu wa miaka minne. Mkwe alibaki kazini.

Sasa hapa niseme ukweli wangu. Sikumwambia dada.

DADA NA MELI

Dada yangu ndiye aliyenilea. Sisi ni watu wa Bukoba, na zamani ukitaka kwenda Mwanza njia ya kistaarabu ilikuwa ni meli. Mwaka 1980, nilipokwenda kuanza kidato cha kwanza, dada alinipeleka na MV Victoria. Tulisafiri usiku kucha, asubuhi tukafika Mwanza. Kabla meli haijafunga kamba vizuri, wapagazi wameshajaa, kila mmoja anavuta mzigo wa mtu. Sanduku langu la bati likaenda upande mmoja, mimi nikaenda upande mwingine. Tulilipata baada ya saa nzima, kufuli limevunjwa, shuka mbili hazimo.

Dada hakunigombeza. Aliniambia hivi: "Mdogo wangu, mzigo wako ni ule unaoweza kushuka nao ngazi mwenyewe. Uliobaki ni wa watu, wewe unaushikia tu."

Tulipanda meli ile mara nyingi baada ya hapo. Halafu ikaja tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa. Jirani zake dada wawili walikuwemo. Tangu siku hiyo dada hakukanyaga meli tena, na alituapisha wadogo zake wote: gari sawa, ndege sawa, meli hapana.

Kwa hiyo aliponipigia Houston akauliza, "Uko salama?" nilijibu, "Niko hapa kwa mtoto, dada, baridi tu." Wakati huo nilikuwa nafunga sanduku la kwenda Galveston. Nilimficha. Mtu wa miaka 58 anamdanganya dada yake kama mtoto wa shule!

RAHA ILIVYOKWISHA

Siku nne za mwanzo, mwenzangu, sina la kulalamikia. Nilikula, nililala, nilicheza taarabu ya Kimexico na watu nisiowajua. Cozumel nikanunua vanila na blanketi zito la mistari, nikasema hili la dada, maana analalamika baridi hata Dar es Salaam. Progreso tukateremkia kwenye gati refu ajabu, linaingia baharini zaidi ya kilometa sita, mnapandishwa basi kufika nchi kavu. Huko nikanunua vitanda viwili vya kamba, vile vya kuning'iniza mitini, na vikorokoro vingine. Vyote nikavisokomeza kwenye shangazi kaja, lile begi la plastiki la mistari ambalo nilitoka nalo nyumbani. Binti yangu aliona aibu, mimi sikuona.

Ijumaa tukiwa baharini tunarudi, saa 9 alasiri, simu ya binti yangu ikalia. Meli zile zina intaneti ya kulipia. Ujumbe ulitoka kwa mpwa wangu Dar, ambako ilikuwa tayari saa 6 usiku. Dada amelazwa. Hali si nzuri. Anakuulizia.

Sikuandika jibu. Nilikaa kwenye kitanda nikaangalia bahari kwenye dirisha, maji tu mpaka mwisho wa macho. Nikajisema moyoni, dada anakata roho na mimi niko melini.

Binti yangu ana akili ya kiuguzi, hapotezi muda na machozi. Baada ya nusu saa alikuwa ameshapata tiketi: Jumamosi, yaani kesho yake, saa 6 na nusu mchana kutoka Houston kwenda New York, jioni kuvuka bahari, na Jumatatu alfajiri niko Dar. Kiti kingine kilichokuwa kimebaki ni cha Jumanne.

"Tatizo ni moja tu," akasema. "Kushuka."

UTARATIBU WENYEWE

Hapa naomba unifuate vizuri, msomaji wangu, maana ipo siku mtoto wako atakukatia tiketi na wewe.

Kwa kawaida, usiku wa mwisho unapewa lebo ya rangi au ya namba. Unaifunga kwenye sanduku, unaliweka nje ya mlango wa chumba, na kama saa 5 usiku wahudumu wanapita kulizoa. Asubuhi meli ikifunga gatini, masanduku yote yanashushwa na kupangwa kwenye ukumbi mkubwa wa bandari kwa kufuata rangi. Wewe unakaa ndani ya meli unasubiri rangi yako iitwe. Ikiitwa unashuka mikono mitupu kama waziri, unakwenda kutafuta sanduku lako katikati ya maelfu. Ni utaratibu mzuri kwa mtu asiye na haraka. Lakini usipoangalia unaweza kuitwa saa 3 au hata saa 4 asubuhi.

Kuna vituko vyake pia. Binti yangu alinisimulia watu wanaofungasha kila kitu usiku, mpaka suruali na viatu, wanaweka nje kwa furaha. Asubuhi wanaamka na nguo ya kulalia tu! Wanashuka hivyo hivyo, wamejifunika taulo, mbele za watu. Usicheke, yasije yakakukuta.

Njia ya pili ni kushuka na mzigo wako mwenyewe. Hapo huweki kitu nje. Unalala na begi lako, unaamka nalo, na meli ikipata ruhusa ya wakuu wa bandari, nyinyi ndio mnaotangulia kutoka. Meli nyingine zinataka ujiandikishe kaunta upewe namba ya kundi, nyingine unajitokeza tu. Galveston, siku meli isipochelewa, watu wa kundi hili huanza kutoka kwenye saa 1 hivi asubuhi.

Ila kuna sharti moja, na sharti hilo ndilo lililonikaba koo. Lazima uweze kubeba kila kilicho chako, peke yako, kwa safari moja. Hakuna wa kukusaidia, kwa sababu wahudumu asubuhi hiyo wanahangaika na masanduku ya wengine na vyumba vya abiria wapya wanaopanda mchana. Na ukishapitisha kadi yako kwenye mashine pale mlangoni, ikalia ting, umetoka. Huruhusiwi kurudi kuchukua fungu la pili.

Binti yangu asingeweza kushuka nami. Ana mtoto, ana gari la mtoto la kusukuma, ana masanduku mawili. Gari lao lilikuwa kwenye maegesho ya bandari, yeye angeteremka baadaye kwa utulivu. Tukakubaliana mkwe aje na gari lingine anisubiri nje anikimbize uwanja wa ndege. Melini nitoke mwenyewe.

KUPUNGUZA MZIGO

Usiku ule tulimwaga kila kitu kitandani. Sanduku langu kubwa lilikuwa na kilo zaidi ya 20, kisha shangazi kaja, kisha mkoba wa begani, kisha mfuko wa viatu. Mimi nikang'ang'ania.

"Naweza," nikasema. "Hili nakokota, hili nabeba kichwani. Sisi tumebeba mikungu ya ndizi."

"Mama," binti akajibu taratibu, "mkungu uliubeba ukiwa na miaka 20. Na hukuubeba kwenye ngazi za ghorofa sita umezungukwa na Wamarekani."

Kijana wa Indonesia aliyekuwa akitufanyia usafi akapita, akaniona nahangaika. Akatazama ule mlima wa mizigo, akatabasamu kwa adabu, akanyoosha kidole kimoja. Moja tu, mama. Akaeleza kwamba lifti asubuhi hazifai, kila ghorofa inasimama na ndani zimejaa. Wenye haraka hutumia ngazi.

Basi nikaanza kuachana na vitu, na kila kimoja kiliniuma. Gauni la usiku wa kuvaa rasmi, libaki. Viatu vya visigino, vibaki. Vitanda vya kamba, vanila, kofia za wajukuu, vyote vikaingia sanduku kubwa na shangazi kaja, vikafungwa lebo ya binti yangu na kuwekwa nje ya mlango. Mimi nikabaki na begi dogo la magurudumu, lile la binti, lenye nguo za siku tatu, dawa zangu za presha na sweta. Pasi ya kusafiria, tiketi na simu vikaa kwenye mkoba.

Likabaki blanketi. Lilikuwa kubwa, haliingii popote. Binti akaliangalia, akaniangalia, akanyamaza. Nikalikunja, nikalifunga kwa kamba juu ya begi. Nikajaribu kupanda nalo na kushuka nalo ngazi za nje ya chumba mara mbili, saa 6 usiku, kama kichaa. Nikaweza. Nikasema sawa, mzigo wangu ni huu.

Nilikuwa sijakumbuka maneno ya dada wakati huo. Yalinijia baadaye, kitandani, kiza totoro.

UKUNGU!

Niliamshwa saa 10 alfajiri na honi ya meli. Pooooo! Kimya. Dakika mbili haziishi, pooooo! Nikafungua pazia. Sikuona bahari, sikuona mbingu, hata chuma cha ukingo wa roshani nilikiona kwa shida. Ukungu mweupe kama uji.

Ndugu zangu, wanaoijua Galveston wanaijua tabia hiyo. Miezi ya baridi upepo wa joto wenye unyevunyevu unatoka Ghuba, unapita juu ya maji ya pwani ambayo yamepoa, unageuka ukungu. Mlango wa bandari ni mwembamba na una meli za mafuta na mizigo kila saa. Ukungu ukizidi, marubani wa bandari, wale wanaokuja kuipokea meli na kuiongoza ndani, hawaingizi meli. Mnasimama nje mnapiga honi.

Saa 12 kapteni akatangaza kwa sauti tamu kabisa: bandari imefungwa kwa muda, tafadhali furahieni kifungua kinywa. Nifurahie! Nilikuwa nimeshavaa, nimeshafunga mkanda, begi liko mlangoni.

Nilimbusu mjukuu wangu akiwa usingizini. Binti akanishika mabega. "Mama, ukifika chini usiangalie nyuma kutafuta mtu. Nenda tu." Nikatoka.

Pale kwenye ngazi nilikuta wenzangu wengi. Kundi letu la wabeba mizigo lilikuwa limekaa kwenye vidato, kila mmoja na begi lake magotini, kama abiria wa stendi ya Ubungo enzi zile, basi limekufa na dereva kapotea. Jirani yangu alikuwa mzee mmoja wa Texas mwenye kofia pana. Nilimweleza shida yangu kwa Kiingereza changu cha kuombea maji. Akanisikiliza, kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau. Alisema, mama, kushuka mapema hakuifanyi meli ifike mapema. Kunakufanya uwe wa kwanza kwenye foleni tu, mengine ni ya Mungu na rubani.

Saa 1 ikapita, saa 1 na nusu ikapita. Nikapiga hesabu kwenye vidole. Kutoka bandarini hadi uwanja mkubwa wa Houston, ule ulio kaskazini mwa jiji, ni zaidi ya kilometa 110. Inabidi ukate jiji lote. Saa moja na nusu kama barabara ni njema. Ndege saa 6 na nusu. Kama hatujafunga kamba saa 4, basi tena, tiketi imeungua, na dada anasubiri hadi Jumatano.

Saa 2 kasorobo honi ikanyamaza. Nikasikia meli inatetemeka chini ya miguu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilishindwa hata kupiga makofi, nilikuwa nimeshikilia mpini wa begi mpaka vidole vimekufa ganzi.

DAKIKA HAMSINI

Tulifunga gatini saa 3 kasoro dakika 20. Halafu tukasubiri tena, maana wakuu wa forodha lazima waipe meli ruhusa kwanza. Saa 3 na robo hivi, mlango ukafunguliwa.

Hapo ndipo nilipoielewa hekima ya begi moja. Lifti zilikuwa zinafunguka zimejaa, zinafungwa zimejaa. Kwenye ngazi, mama mmoja mwenye masanduku matatu alikuwa amekwama katikati, anashusha moja, anarudi kufuata jingine, na nyuma yake watu 50 wanaguna. Nilimwonea huruma, kwa sababu yule mama alikuwa ni mimi wa jana usiku. Nikajibana pembeni, begi mkono wa kulia, chuma cha ngazi mkono wa kushoto, blanketi linanigonga paja. Ghorofa ya 9, ya 8, ya 7. Ghorofa ya 5 magoti yakaanza kuimba. Ghorofa ya 3, mlango.

Kumbuka pia jambo hili. Nikiwa kwenye foleni nikagusa mkoba, nikashtuka: ndizi mbili! Nilizichukua kwenye bafe kwa ajili ya njiani, Mhaya hawezi kuacha ndizi. Na binti alinionya mara kumi kwamba matunda na nyama havitoki melini, Wamarekani hawana mchezo na hilo. Kutupa sikuweza. Nikazila zote mbili pale pale nimesimama, haraka haraka, maganda nikayatia kwenye pipa la takataka kabla ya mlango. Mzee wa Texas alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Kadi kwenye mashine. Ting. Nikatoka.

Ukumbi wa bandari ulikuwa umejaa masanduku, rangi kwa rangi, na mengine yalikuwa bado yanashushwa. Mahali fulani mle kulikuwa na shangazi kaja langu. Nilikumbuka neno la binti, sikugeuka. Nikaenda foleni ya wasio raia. Ofisa akachukua pasi, akaitazama viza, akanipiga picha, alama za vidole.

"Ulikwenda wapi?"

"Mexico, siku tano."

"Umebeba nini?"

"Nguo na blanketi la dada yangu."

Akaliangalia blanketi. Akagonga muhuri. Pasi mkononi, nje. Saa yangu ilisema saa 4 kasorobo. Mkwe alikuwa amesimama kando ya gari, mlango wazi, akapokea begi bila hata salamu. "Mama, funga mkanda." Tukalivuka lile daraja refu la kutoka kisiwani, tukashika barabara ya 45, na mkwe wangu ambaye siku zote huendesha kama padri, siku hiyo hakuendesha kama padri.

Uwanjani tulifika saa 5 na dakika 20. Kwa kuwa sikuwa na mzigo wa kukabidhi, sikupanga foleni ya masanduku. Niliingia moja kwa moja kwenye ukaguzi. Nilipokaa kwenye kiti ndani ya ndege ndipo nikaanza kulia, na dada wa ndege akaniletea maji.

Binti yangu aliniambia baadaye kwamba rangi yao iliitwa saa 5 kasoro dakika 10. Kama ningesubiri masanduku, ningekuwa bado Galveston wakati mimi tayari nimeshalipita jiji lote la Houston.

BLANKETI LIKASEMA

Jumatatu asubuhi niliingia wodini na begi langu dogo. Dada alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yale yale. Akanitambua. Nikamfunika blanketi, maana kweli alikuwa anatetemeka.

Akalipapasa kwa vidole muda mrefu. "Hili si la hapa," akasema.

"La Mexico, dada."

"Mexico ulifikaje? Si ulikuwa kwa mtoto?"

Mwenzenu, ningeweza kusema nilinunua dukani Houston. Ulimi ulikuwa tayari. Nikashindwa.

"Kwa meli, dada. Nisamehe."

Akanyamaza. Mpwa wangu akaniangalia kwa jicho la kunilaumu, kama kusema sasa hilo la nini mbele ya mgonjwa. Nami nikainama nikisubiri kugombezwa, kama mwaka 1980 pale gatini Mwanza.

Dada akauliza, "Ulishuka na mzigo wako mwenyewe?"

"Ndiyo, dada. Begi moja, na hili."

"Haukupotea?"

"Haukupotea."

"Haya," akasema, akafumba macho, akalivuta blanketi mpaka kidevuni.

Alikaa siku tisa baada ya hapo. Zote nilikuwa naye. Tuliongea ya Bukoba, ya MV Victoria, hata ya wale jirani zake wawili ambao kwa miaka 28 alikuwa hataki kuwataja. Kama ningefika Jumatano ningemkuta hai, ni kweli. Lakini Jumanne hali ilibadilika, sauti ikapotea siku mbili. Lile swali lake nisingelisikia siku ile.

KWA WEWE UNAYETAKA KUJARIBU

Basi, msomaji wangu, ukipata bahati ya kupanda meli hizi na ukataka kushuka mapema na mzigo wako, shika haya:

Kwanza, begi moja lenye magurudumu, na mkoba wa begani. Lijaribu kwenye ngazi kabla ya kulala, usijidanganye na lifti.

Pili, uliza kaunta ya huduma siku moja kabla kama kuna kujiandikisha au kupewa namba. Kila kampuni ina taratibu zake.

Tatu, malizana na deni lako la melini usiku. Angalia karatasi ya hesabu, maana ukikuta soda usiyokunywa, asubuhi foleni ya kulalamika ni ndefu kuliko ya kushuka.

Nne, dawa, pasi, miwani na nguo za kesho usiziweke nje ya mlango hata kama umeamua kutoa mzigo wote.

Tano, sisi wenye pasi za kwetu tuhakikishe viza inaruhusu kuingia nchi ile zaidi ya mara moja. Ukitoka na meli umetoka nchini, bibi wee, hata kama umekwenda kula samaki tu! Na masharti haya hubadilika, uliza kabla ya kulipa.

Sita, usikate tiketi ya ndege ya asubuhi siku ya kushuka. Mimi nililazimika. Wewe unayepanga mwenyewe, chukua ya alasiri au lala mji ule usiku mmoja. Ukungu haujui kama una haraka.

Na saba, ndizi zile melini.

Shangazi kaja langu lilikuja miezi mitatu baadaye na mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Vitanda vya kamba tumevitundika kwenye miembe, wajukuu wanagombania. Blanketi sikulirudisha kabatini. Tulimzika dada nalo, kama alivyoagiza mwenyewe.